Yule jamaa wa Boxer nyekundu, leo kanishikisha ndoo!

Kimyakimya wa Katubuka:
Wakuu, naandika mikono inanuka shombo, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha herufi.

Wa Kigoma wote mnamjua, sitamtaja. Yule wa kijiwe cha juu, pikipiki ya petroli, Boxer nyekundu, kofia ngumu anaivaa kwenye kiwiko. Akicheka anasikika Kalemie. Huyo huyo.

Asubuhi nimetoka Kibirizi na mama mmoja, ana ndoo ya samaki, migebuka, tumekubaliana buku mbili. Pikipiki yangu ni ya umeme, ina miezi minne, nimeuza kipande cha michikichi kuipata. Tumekuja vizuri, kimya, mama mwenyewe anasifia, anasema leo anasikia hata anachowaza. Tukaanza ule mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga. Vijiti vya chaji vilikuwa vitatu. Vikawa viwili. Kikabaki kimoja kinakonyeza. Halafu tii. Haikukohoa, haikutetemeka. Petroli ikiisha pikipiki angalau inakuaga, hii imekata kama simu ya mtu anayedaiwa.

Ndipo akatokea. Pututututu. Angepita ningemsamehe, wallahi. Alisimama. Akapiga resi, moshi wote nikala mimi, akamwambia mama, "Panda mama, hiyo pasi iache ipoe." PASI! Kisha akanigeukia: "Dogo, shika ndoo mama apande."

Na mimi nikashika ndoo.

Wakuu, nimeshika ndoo! Nina watoto watatu, wa kwanza yuko darasa la sita, mtu kaniita dogo, kaniambia shika ndoo, nami nimeishika kwa mikono miwili kama napokea mtoto wa kubatizwa. Nikasubiri mama akae sawa. Nikamkabidhi. Nikasema, "Karibu tena mama." Karibu tena wapi?

Anaondoka ananiambia nichomeke kwenye mwembe. Kijana wa karanga pale chini ya miembe alicheka mpaka akamwaga sinia.

Dakika kumi baadaye pikipiki IMEWAKA YENYEWE. Kijiti kimoja. Yaani ilikuwa inamsubiri aondoke na abiria wangu!

Na anaringia nini sasa? Oili, plagi, cheni, klachi, kabureta, na ekzosi ikikugusa mguu unatembea na muhuri. Mimi sina gia, sina klachi, sina oili. Nina ndoo tu. Nilikuwa nayo.

Anayemjua amfikishie.

Mtoto wa Gungu:
Pole mkuu. Swali dogo tu, ndoo ilikuwa na mfuniko?

Kimyakimya wa Katubuka:
Mfuniko unahusiana nini na dharau niliyofanyiwa?

Mtoto wa Gungu:
Najaribu kupata picha vizuri.

Fundi Spana:
Betri yako ni ya asidi, naapa bila kuiona. Mlimani mota inavuta ampea nyingi kwa mpigo, volti zinaporomoka, kontrola inadhani betri imekwisha, inakata. Ukiiacha kidogo volti zinapanda tena, ndiyo maana imeamka. Haikuwa inamsubiri mtu. Mlima uanze ikiwa imejaa, na usizoee kuikamua mpaka tone la mwisho, betri ya asidi inakufa haraka kwa tabia hiyo.

Kimyakimya wa Katubuka:
Aliyeniuzia alisema ni lithiamu.

Fundi Spana:
Umewahi kuichomoa uingie nayo ndani? Lithiamu ni nyepesi, unainyanyua unaendelea na stori zako. Ya asidi lazima utukane.

Kimyakimya wa Katubuka:
Huwa natukana.

Luku Imeisha:
Tumuache fundi, tupige hesabu. Betri ya volti 72 na ampea-saa 32, zidisha, ni uniti mbili na robo hivi. Weka na inayopotea kwenye chaja, luku ya buku imetosha. Boxer ya kijiweni inakunywa lita mbili tatu kwa siku na lita moja tu inaipita hiyo buku mbali. Hata ukichaji mara mbili kwa siku bado umemwacha mbali. Shida yangu mimi ni mwenye nyumba. Luku yetu ni ya pamoja, tangu nilete chaja anahisi nafungua kiwanda. Usiku anapita dirishani kusikiliza feni ya chaja inavyolia. Juzi kaniuliza kama pikipiki yangu "inaota ndoto kwa umeme wa watu."

Bosi wa Mbili:
Usinipe habari za petroli. Ninazo mbili nimetoa kwa mkataba. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei, dereva ananipigia kabla jogoo hajawika: bosi, hesabu ya leo itapungua, mafuta yamepanda. Bei ikishuka simu yake haipatikani. Nikinunua ya umeme atanipigia kuniambia volti zimepanda.

Dereva Asiye na Bosi:
Na nyie mabosi mtaje basi matengenezo anayelipa ni nani. Hesabu yako, spea zangu, pancha yangu, faini yangu. Pikipiki inakuwa yangu siku imebaki fremu.

Mzee wa Stesheni:
Vijana mna raha. Mji huu tuliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli. Ungekuwa na hiyo pikipiki miaka ile, ungekuwa unachaji umeme uliotoka kwenye mafuta ili ukwepe mafuta. Meli ya Liemba yenyewe imeshushwa majini hapa 1915 ikiwa ya mvuke, baadaye wakaiwekea injini za dizeli, na sikusikia mtu akiambiwa ashike ndoo.

Mtoto wa Gungu:
Mzee kaua 😂😂

Kimyakimya wa Katubuka:
Hata wewe mzee wangu? Shikamoo, lakini umeniumiza.

Mzee wa Stesheni:
Marahaba, Mshika Ndoo.

Njia ya Manyovu:
Huyo wa Boxer asicheke sana. Mimi nafika mpakani kila wiki. Upande wa pili Burundi petroli imekuwa ya kutafuta kwa tochi kwa miaka kadhaa sasa. Nimeona pikipiki ya mtu iko uani, kuku ametagia kwenye siti. Anaipangusa kila asubuhi, anarudi ndani.

Bibi Harusi wa Bangwe:
Wote mnaudhi, lakini wa umeme mmezidi. Boxer naisikia ikiwa Ujiji mimi niko Mwanga, nina muda wa kuaga ndugu. Zenu hazina mlio, nimeshtukia tairi liko kwenye dera langu, dereva ananiambia "samahani dada" kwa sauti ya chini kama tuko msibani. Pigeni honi!

Kimyakimya wa Katubuka:
Dada honi ninayo. Jamani mbona mmeacha mada? Mtu ameniambia SHIKA NDOO.

Mtoto wa Gungu:
Na ukashika.

Kimyakimya wa Katubuka:
Na nikashika.

Mpwa Mtiifu:
Samahanini, Boxer nyekundu, kofia kwenye kiwiko? Nahisi ni mjomba wangu. Kaja hapa mchana na migebuka miwili, kasema kapewa na mama mmoja kwa wema wake.

Kimyakimya wa Katubuka:
MIWILI?

Mpwa Mtiifu:
Imeshakaangwa mkuu. Kwa mawese.

Kimyakimya wa Katubuka:
Mikono yangu inanuka samaki ambao kala yeye. Mnaelewa lakini?

Luku Imeisha:
Kwani mama alichukua ndoo kwa shilingi ngapi? Mke wangu anasema siku hizi migebuka haishikiki.

Dereva Asiye na Bosi:
Haishikiki ila kwa ndoo.

Bibi Harusi wa Bangwe:
Afadhali sasa. Wewe kumbuka ziwa likifungwa uvuvi, Mei 15 mpaka Agosti 15, tulikula maharage mpaka watoto wakaanza kuchora samaki ukutani. Tangu waanze kulipumzisha 2024 nimejifunza kukausha dagaa mapema.

Bosi wa Mbili:
Na likifunguliwa wanasema samaki ni wakubwa, bei nayo ikue. Hapo ndipo wanaponimaliza.

Mzee wa Stesheni:
Mgebuka wa kubanika, ugali wa muhogo, pilipili pembeni. Sitaki pikipiki ya aina yoyote, nitatembea.

Kimyakimya wa Katubuka:
Wakuu, uzi wangu ni wa pikipiki.

Luku Imeisha:
Tunajua kiongozi, ngoja kidogo. Bibi Harusi, kwa bei ya kueleweka naenda saa ngapi Kibirizi?

Bibi Harusi wa Bangwe:
Alfajiri, boti zinaposhusha. Nenda na ndoo yako.

Mtoto wa Gungu:
Na mtu wa kuishika.