Pinioni (gia ndogo) ya spidomita ya Ford Model T inaliwa meno, niitengeneze ya chuma?

MkerezajiNgamiani
Wakuu, shikamooni walio wakubwa. Nina karakana ya kukereza hapa Ngamiani, Tanga. Nimeletewa gari la zamani, Ford Model T ya babu yake mteja, ililala bandani kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Injini inawaka vizuri tu. Kinachonitesa ni spidomita. Hizi hazichukui mzunguko kwenye giaboksi: kuna gia kubwa ya duara imefungwa kwenye spoku za gurudumu la mbele, halafu pinioni ndogo imeshikiwa na mkono pembeni, ndiyo inazungusha waya unaopanda hadi kwenye saa ya spidomita.

Pinioni ya zamani ilikuwa imebaki kama kokwa ya embe iliyofyonzwa. Nikachonga mpya ya shaba, jino moja moja, siku nzima. Tukaenda ufukweni Raskazoni. Wakati wa kurudi sindano inacheza kama mkia wa mbuzi. Kufungua, meno yameliwa upande mmoja na chenga za shaba zimejaa kwenye grisi.

BabuSpana
Marahaba mwanangu. Chuma usithubutu. Pinioni ikiwa ngumu kuliko gia kubwa, itakayoliwa ni gia kubwa, na hiyo utaitoa wapi?

Meno kuliwa upande mmoja maana yake gia hazijalala sambamba. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, umbali kati ya gia na pinioni unabadilika kila kwenye shimo, na kila ukikata kona. Halafu grisi nani kakutuma? Gia iko wazi, mchanga wa Raskazoni ukiingia humo umeshatengeneza msasa. Iache kavu, uifute kwa brashi.

Ndiyo sababu Model A, gari lililofuata baada ya T, ilipotoka mwishoni mwa 1927 Ford walishauhamishia mzunguko huo nyuma ya giaboksi, mbali na vumbi.

MamaVipuri
Naongezea. Kaka, meno uliyahesabu sawasawa kwenye hicho kikokwa? Tuseme ya asili ilikuwa na 15 wewe ukachonga 16: gari likienda maili 32 kwa saa, sindano itasema 30. Na matairi ni yale yale? Tairi la kipenyo cha inchi 30 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.39, yaani mizunguko 418 hivi kwa kilomita. Mwenye gari akifunga la inchi 28, spidomita itamdanganya kwamba anakimbia kuliko kweli.

MkerezajiNgamiani
Babu, umenipata hapo kwenye grisi. Nilipaka mwenyewe, tena kwa kidole, nikajiona fundi.

Nimetikisa gurudumu: beringi za gurudumu zimekwisha, linacheza hadi unasikia "ko, ko". Nimefunga beringi mpya. Pinioni nimechonga tena, safari hii ya faiba, ile ya kitambaa kilichogandishwa na rezini. Meno ni idadi ileile, dada, nilihesabu kwenye kitako ambako hayakuisha. Tairi nimelipiga alama ya chaki, tukasukuma gari mizunguko 10: mita 23 na sentimita 40. Uzito wa gari umelikandamiza kidogo, lakini ni la inchi 30 hilo.

Jana tumefika Pongwe na kurudi. Sindano imetulia. Kelele nayo imepungua, mteja akadhani waya umekatika, akanisimamisha njiani nikague.

BabuSpana
Chonga na ya akiba, uifunge chini ya kiti.