Nyangumi anazeeka na zebaki mwilini. Je, nyama yake iliwe?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Juzi tumebishana sana kazini kuhusu nyama ya nyangumi inayoliwa Visiwa vya Faroe, na mwenzangu akatoa hoja ambayo naona tuijadili hapa kwa utulivu. Alisema: "Nyangumi wale wamejaa zebaki na bado wanafika miaka hamsini, wanazaa, wako wazima. Kama haiwadhuru wao, itamdhuruje mtu anayekula kipande?"

Kwa asiyevijua, Faroe ni visiwa vilivyo chini ya Denmark, kaskazini mwa Uskoti, vyenye watu elfu hamsini na kitu. Tangu zamani wanaswaga kwa mashua makundi ya nyangumi weusi wenye kichwa cha mviringo hadi ufukweni, wanawachinja na kugawana nyama kijiji kizima. Kumbukumbu za mawindo hayo zipo tangu 1584. Mwaka 2008 madaktari wao wenyewe, Pál Weihe na Høgni Debes Joensen, walitangaza kwamba nyama hiyo isiliwe tena. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula ya huko ikatoa ushauri laini zaidi: mlo mmoja kwa mwezi, wajawazito na wanaotaka kubeba mimba waache, ini na figo zisiliwe na mtu yeyote. Mimi nipo upande wa madaktari, na nitaanza na mwili wa nyangumi, maana hoja ya mwenzangu inavunjikia humo.

Zebaki ikifika baharini, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Inapanda kutoka kijidudu hadi samaki mdogo, hadi ngisi, hadi nyangumi, na kila ngazi inazidi. Hii ndiyo aina inayopenya hadi kwenye ubongo na kuvuka kondo la nyuma kumfikia mtoto. Mnyama wa baharini aitwaye sili ana pa kuitupa, kwa sababu nyingine huingia kwenye manyoya, na manyoya humwagika kila mwaka. Kule Año Nuevo, California, sili-tembo hujazana ufukweni kujivua manyoya na ngozi, na utafiti uliotoka 2015 ulikuta methili-zebaki kwenye maji ya pale imepanda sana msimu huo.

Nyangumi hana manyoya ya kumwaga. Kazi kubwa inafanywa na ini. Linaivunja methili-zebaki, kisha linaifunga zebaki iliyobaki na seleni, madini yanayotoka kwenye chakula, atomu moja kwa atomu moja, mpaka zinakuwa punje ngumu zisizoyeyuka. Koeman na wenzake waliuona uwiano huo kwenye maini ya wanyama wa baharini mwaka 1973, na baadaye punje zenyewe zikaonekana. Ni madini yaleyale yanayopatikana ardhini kwa jina la tiemanaiti. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda: mnyama anatengeneza jiwe ndani ya ini ili aishi. Punje hazitoki, kwa hiyo kadiri anavyozeeka ndivyo zinavyorundikana. Nayo seleni inayofungwa humo ndiyo ambayo vimeng'enya vya mwili vinaihitaji, kwa hiyo kinga hiyo si ya bure. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu ambayo anaipata zaidi kwa ngisi, ina njia yake: hushikwa na protini yenye salfa nyingi na kubaki kwenye figo.

Sasa watu wanakula nini? Wanakula mnofu na mafuta. Kwenye mnofu kazi ile ya ini haijafanyika sawasawa. Mnofu wa nyangumi hawa una takriban mikrogramu 2 za zebaki kwa kila gramu, na karibu nusu yake bado ni methili-zebaki. Chukua sahani ya gramu 200: umekula mikrogramu 200 za methili-zebaki. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO mwaka 2003 iliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mama wa kilo 60 anaruhusiwa 96. Sahani moja imemaliza posho yake ya wiki mbili na kuzidi.

Na hili halikubaki kwenye karatasi. Weihe na Philippe Grandjean walifuatilia watoto 1,022 waliozaliwa Faroe 1986 na 1987, wakapima zebaki kwenye damu ya kitovu. Walipofika miaka saba, waliozaliwa na zebaki nyingi zaidi walikuwa nyuma kwenye lugha, umakini na kumbukumbu. Kinga ya nyangumi inamlinda nyangumi, haimfuati mtu mezani. Naomba kuwasilisha.

Nahodha wa Kizimkazi

Kijana, umeeleza vizuri na nimejifunza. Lakini umeacha upande wa pili. Hapa jirani, Shelisheli, walifuatilia akina mama na watoto 779. Wale mama walikuwa na zebaki kwenye nywele wastani wa 6.8 kwa milioni, wa Faroe 4.3 tu. Watoto wa Shelisheli hawakuonekana na madhara. Mbona hilo hulisemi? Na Taiji kule Japani, wanakokula pomboo na nyangumi, walipima wakazi zaidi ya elfu moja, zebaki ikawa juu mara kadhaa kuliko wastani wa nchi yao, na majibu ya 2010 yakasema hawakuona mgonjwa.

Mimi sili pomboo. Kwetu zamani, kabla watalii hawajaja kuwatazama, walivuliwa wakawa chambo cha papa. Ninachotetea ni haki ya watu wa kisiwa kisichoota hata mtama kula kilichowalea. Wengi wanaopiga kelele wanawahurumia wanyama, zebaki wanaisingizia.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya Shelisheli ndiyo nzito kuliko zote, na wataalamu wenyewe wamebishana juu yake miaka mingi. Ila tazama kilichomo kwenye sahani. Shelisheli wanakula samaki karibu kila siku, kila mmoja ana zebaki kidogo, na ndani yake mna mafuta mema yanayomjenga mtoto. Kule Faroe zebaki ilikuja kwa mkupuo: nyama nyingi siku chache, kisha hakuna. Halafu mafuta ya nyangumi yana PCB, sumu nyingine ya viwandani. Mwaka 2000 Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilizipitia tafiti zote mbili pamoja na ya New Zealand, na likachagua ya Faroe iwe msingi wa kikomo.

Kuhusu Taiji, kutomwona mgonjwa miongoni mwa watu wazima hakutoshi. Minamata, hukohuko Japani, ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki uliripotiwa rasmi 1956, walikuwepo mama wenye dalili hafifu waliozaa watoto walioumizwa vibaya ubongo. Mtoto ndiye anayepokea.

Na kuhusu kisingizio, nakuomba umtendee haki Weihe. Ni mzaliwa wa Faroe. Kuwaambia watu wako waache chakula cha babu zao si jambo jepesi.

Mama Kijacho

Samahani kuwakatiza. Nina mimba ya miezi minne na napenda sana ng'onda wa papa kwa nazi. Mama mkwe anasema nikimloweka usiku kucha anakuwa salama. Je, hayo ya nyangumi yananihusu?

Mwanzisha mada

Dada, hongera. Yanakuhusu, ingawa papa si nyangumi. Naye yuko juu kwenye mlolongo wa kuliana, ndiyo maana Marekani wanawashauri wajawazito wasimle kabisa. Kuloweka kunatoa chumvi. Zebaki imeshikamana na protini ya nyama, haitoki kwa maji wala kwa moto. Na papa akianikwa, maji yanapungua, zebaki inabaki, kwa hiyo gramu mia ya mkavu ina nyingi kuliko gramu mia ya mbichi. Usiache samaki, maana mtoto anawahitaji. Kula dagaa, vibua, tasi. Na kliniki waulize, usiishie kwangu.

Nahodha wa Kizimkazi

Mwanangu, msikilize. Hata mimi binti yangu akiwa hivyo simpelekei papa, nampelekea vibua. Kwa wajawazito na wanaotarajia, nimekubali, na nadhani hata Faroe hapo wasibishane tena. Ila mzee wa miaka sabini aliyekula nyama ile tangu utotoni, mumkataze kwa hesabu ya mtoto aliye tumboni? Hapo bado nabisha. Kijana, nijibu hilo.