Mjadala: Dada mkuu kakutwa na simu bwenini. Siku 21 ni haki?

Bwana Shamba: Wakuu, naomba mawazo. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni huku Kanda ya Ziwa. Ni dada mkuu, na klabu ya kompyuta pale aliianzisha yeye. Wiki iliyopita alikutwa na simu sandukuni. Amevuliwa uongozi mstarini mbele ya shule nzima na kusimamishwa masomo siku 21. Kwenye simu hakukuwa na mambo ya mapenzi. Kulikuwa na majina ya wasichana wanaoogopa kurudi kwao likizo ya Desemba kwa sababu ya kukeketwa, pamoja na namba za Dawati la Jinsia la polisi na za nyumba salama. Simu shuleni ni marufuku, hilo silipingi. Nauliza adhabu yake kweli iwe ileile ya anayechati usiku kucha?

Mwalimu Mstaafu: Iwe ileile. Nimefundisha miaka 31. Kiongozi ndiye wa kwanza kushika sheria, la sivyo wadogo watamshika nani? Na niseme lililo moyoni: watoto wa siku hizi wanaanza uanaharakati kabla hawajajua kufua soksi zao.

Nyar Kisumo: Shikamoo mwalimu. Mwaka 2017 kulikuwa na wasichana watano wa Kisumu Girls, umri miaka 15 hadi 17, wanajiita The Restorers. Walitengeneza programu ya simu, i-Cut. Msichana anabonyeza kuomba msaada, anaelekezwa kituo cha uokoaji, anaripoti, anasoma kuhusu ukeketaji. Wakafika California kwenye mashindano ya Technovation. Walikuwa wanafunzi tu, na walianza baada ya kumwona mwenzao aliyekeketwa akiacha shule. Wangesubiri kwanza wafuzu kufua?

Mzalendo 64: Si hao waliopewa tuzo na Bunge la Ulaya? Hapo ndipo mimi nasita. Watu wa nje hawakupi kitu bila kutaka kitu.

Nyar Kisumo: Hawakupewa. Walifika tatu bora ya tuzo ya Sakharov mwaka 2019, ikaenda kwa Ilham Tohti, msomi wa Wauighur, jamii ya Waislamu wachache wa China, aliyefungwa huko.

Mzalendo 64: Sawa, tatu bora. Lakini hao ni Wajaluo, na Wajaluo hawakeketi. Mila ya kwao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Wangeshughulika na meno yao, mila za wengine wakawaachia wenyewe.

Mama Bhoke: Mimi ndiye huyo mwenyewe, baba. Mkurya wa Tarime. Nilikeketwa nikiwa na miaka 13, mwezi wa kumi na mbili, na rafiki yangu tuliyepangwa naye foleni aliolewa kabla shule hazijafunguliwa. Siku ile angetokea Mjaluo, Msukuma, Mhindi, yeyote wa kutuficha, nisingemuuliza kabila. Unaijua Sirari wewe? Ukivuka tu uko Isebania. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2011, huku tuna ya 1998 inayomlinda aliye chini ya miaka 18, na bado binti anavushwa usiku kwenda penye ulinzi mdogo. Mpaka ngariba hauoni, wewe unauona.

Na dada wa Kisumu, hata wewe sikubaliani nawe moja kwa moja. Programu nzuri. Ila kijijini simu ni ya baba, na baba ndiye aliyeongea na wazee wa mila. Binti atabonyeza kitufe kwenye simu ya nani?

Fundi Redio: Mimi bado niko kwenye soksi. Mwalimu, nimekaa bweni miaka minne. Nimefua soksi zangu, mashati ya viranja, na nguo za walimu Jumamosi. Hiyo ndiyo nidhamu tunayoililia?

Mwalimu Mstaafu: Katika miaka 31 sijampa mwanafunzi nguo yangu afue. Hata leso. Naomba ufute kauli hiyo.

Fundi Redio: Sikukutaja wewe.

Mwalimu Mstaafu: Umesema walimu. Mimi ni mwalimu.

Fundi Redio: Basi nisikilize na hili. Kaka mkuu wetu kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini. Tulichapwa kwa orodha ile mpaka namaliza. Huyu binti naye kaandika majina, ya wenzake wanaoogopa kukatwa, na ndiye anayefukuzwa. Halafu kila Juni 16 tunawapanga watoto uwanjani kuwaenzi wanafunzi wa Soweto wa 1976 waliokataa kusomeshwa kwa Kiafrikaans. Kama si uanaharakati, wale walikuwa wanafanya nini?

Mwalimu Mstaafu: Wale wa Soweto hawakuwa na simu.

Nyar Kisumo: Mwalimu, na risasi za polisi walizipata bila simu pia!

Matroni: Naomba nafasi, maana tangu juu matroni hajasemewa. Sifanyi kazi shule hiyo, lakini nalala jengo moja na wasichana 240. Mwaka jana simu moja iliingia, na picha ya mtoto akiwa bafuni ikafika mjini kabla ya chakula cha mchana. Yule mtoto hakurudi shule tena. Kwa hiyo nikiona simu naichukua, na nitaendelea kuichukua.

Halafu hiyo orodha. Majina, na bila shaka vijiji pia, kwenye kifaa kinachoweza kuibiwa. Ikimfikia mjomba mmoja mwenye hasira, wasichana wote hao wameharibikiwa. Huyo dada mkuu ana moyo, ila hakuna mtu mzima aliyekaa naye akamweleza hatari hiyo. Klabu ya kompyuta ina mlezi, sivyo? Alikuwa wapi?

Bwana Shamba: Mlezi wa klabu alihamishwa mwezi wa nne. Tangu hapo ufunguo wa chumba cha kompyuta uko ofisini na haujatoka. Ndiyo maana akaomba simu kwa shangazi yake.

Matroni: Hilo ungelisema mwanzo kabisa.

Mzalendo 64: Mama Bhoke, lile la meno naliondoa. Nisamehe, na dada wa Kisumu pia. Ila swali langu la nani anawatuma hawa watoto halijajibiwa.

Mama Bhoke: Nimekusikia. Mimi alinituma kovu.

Mwalimu Mstaafu: Na kauli ya nguo za walimu bado haijafutwa.

Bwana Shamba: Wakuu, nirudi kwangu. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba. Simu iko kabatini kwa mkuu wa shule, na orodha imo humo. Nilikwenda jana, nikaambiwa nirudi mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula wasichana watakuwa wameshapanda magari. Matroni, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Matroni: Kwanza ningemuuliza mwenyewe anakumbuka majina mangapi. Pili ningempigia mwenzangu wa pale, matroni kwa matroni, bila kumpitia mkuu. Sisi tunajua nani hajafunga begi siku ya kuondoka.

Bwana Shamba: Anayakumbuka yote 17. Usiku ameyaandika kwenye daftari la hesabu.

Mama Bhoke: Usiyaandike hapa, hata moja. Nitumie namba yako faragha. Kuna watu nawafahamu Mugumu, kule Serengeti, wenye nyumba salama, na huwa wanajaa mapema.