Naombeni ushauri: nibaki na promota aliyenilea au nihamie kampuni inayolipa mshahara?

Chui wa Taita (mleta mada)
Salaam kwenu ndugu zangu. Mimi ni mwanamieleka wa kulipwa, mzaliwa wa Voi, na kwa sasa ninaishi kaskazini mwa Uingereza. Kwa miaka minne nimepigana katika kampuni ndogo ambayo sitaitaja, inayokodi kumbi za jamii na kupanga viti mia tatu hivi. Ninalipwa paundi 60 kwa usiku na nauli ninajitolea mwenyewe; siku za kazi ninapakia mizigo ghalani. Sasa kampuni kubwa zaidi imeniletea mkataba wa miaka miwili wenye mshahara wa kila mwezi, nami sipati usingizi, kwa sababu mashabiki wa hapa ndio walionipa jina, na wanapoliimba hadi vioo vya madirisha vinatetemeka, mimi husahau hata maumivu ya goti. Je, mtu akifuata pesa, mashabiki humfuata au humlaani?

Mama Saluni
Mwanangu, mieleka siijui, lakini kuhama ninakujua. Nilipoacha saluni niliyoanzia kusuka, wateja kumi na wawili waliniapia kwamba watanifuata hata ningehamia mwezini. Walikuja watatu, na mmoja wao alikuja kukopa. Angalia mshahara, mashabiki watajiangalia wenyewe.

Kona ya Bluu
Swali la mashabiki lina historia yake. Tarehe 26 Agosti 1995, huko Philadelphia, Eddie Guerrero na Dean Malenko walipigana kwa mara ya mwisho katika ECW, kampuni ndogo ya mieleka ya Marekani, kabla ya kwenda WCW, kampuni kubwa yenye pesa nyingi, na ukumbi mzima uliwasihi kwa nyimbo wasiondoke. Hakuna aliyewazomea. Lakini ukumbi huohuo baadaye ulimwimbia mwanamieleka mwenzao Mick Foley kwamba ameuza utu wake. Kwa hiyo anayetafuta kanuni moja ya tabia ya mashabiki hataipata.

Hapohapo Uingereza ulipo, nawe bila shaka unalijua hili, WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ilianzisha tawi lake la NXT UK mwaka 2018 na kuwachukua wapiganaji wengi wa kampuni ndogo, wakapewa mishahara na masharti juu ya wapi wanaruhusiwa kupigana. Agosti 2022 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa, na wengi wakaachwa siku hiyohiyo. Waliporudi walikotoka, kumbi nyingine hazikuwepo tena.

Mwalimu Mstaafu
Mimi ninashangaa mnavyozungumzia uaminifu katika mchezo ambao mshindi wake anajulikana kabla kengele haijalia. Kijana, rudi shuleni ukasomee ufundi wa umeme.

Chui wa Taita
Mwalimu, kwa heshima zote, matokeo hupangwa lakini mbao za ulingoni hazikupangwa ziwe laini. Goti langu lilipasuliwa mwaka juzi, na wiki nane nilizokaa nyumbani sikulipwa na mtu yeyote.

Bi Sheria
Ndugu Chui, hapo umegusa jambo la msingi. Wanamieleka wengi, hata wale wa WWE, huhesabiwa kuwa wakandarasi huru na si waajiriwa, kwa hiyo neno "mshahara" lisikuleweshe kabla hujasoma nani anabeba hasara ukiumia. Uliza pia jina "Chui wa Taita" litakuwa la nani. Wale wanamieleka wawili waliojulikana duniani kote kama Dudley Boyz walipotoka WWE mwaka 2005 waliliacha jina hilo mlangoni, wakaenda kujiita Team 3D. Shabiki humfuata mtu kwa jina. Likibaki nyuma, mashabiki wengine hubaki nalo.

Hata hivyo kuna jambo linanisumbua. Umetueleza muda na mshahara wa mkataba mpya, lakini kuhusu promota wa sasa hujasema lolote zaidi ya paundi 60. Mna makubaliano gani, na yeye anajua?

Chui wa Taita
Hatuna mkataba wa maandishi. Tulishikana mikono tu.

Bi Sheria
Hujajibu kama anajua.

Chui wa Taita
Hajui. Naomba msinihukumu kabla sijamaliza. Mimi ndiye bingwa wake kwa sasa, na mkanda wa ubingwa ninao hapa nyumbani, umo ndani ya mfuko wa viatu juu ya kabati. Baada ya wiki tatu ninatakiwa kuutetea, mabango yana sura yangu, na tiketi zimekwisha. Mkataba mpya nilitia sahihi Jumanne iliyopita, na unaanza siku nne kabla ya pambano hilo. Lakini mjue kwamba promota ananidai shukrani huku mimi ninamdai malipo ya usiku tano. Nilipofika nchi hii nililala kwenye kochi lake miezi miwili, sikatai, lakini kochi halilipi kodi ya nyumba.

Mama Saluni
Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Fundi Kamba
Tuseme ukweli, mkanda wenyewe una dhahabu? Kama unayo, nina mteja Eastleigh.

Kona ya Bluu
Samahanini, lakini sasa nimeanza kutilia shaka uzi huu wote. Bingwa wa kampuni ndogo anayedai malipo yaliyochelewa, anasaini kwingine kimyakimya huku mkanda akiwa nao: hicho ni kisa cha mwanamieleka Mike Awesome, Aprili 2000, kimebadilishwa ukumbi tu. Yeye alitokea kwenye kipindi cha WCW akiwa bado bingwa wa ECW, wanasheria wakaingia kati, na siku tatu baadaye huko Indianapolis akarudi kwa usiku mmoja kuupoteza mkanda kwa Tazz, ambaye wakati huo alikuwa na mkataba wa WWF, jina la zamani la WWE. Mtu wa WCW akapigwa na mtu wa WWF ndani ya ulingo wa ECW. Kisa kitamu namna hiyo hakitokei mara mbili. Kama wewe ni mwanamieleka kweli, tuambie kamba za ulingo wenu zimetengenezwa kwa nini, na ukiangushwa kwa mgongo unafanya nini.

Chui wa Taita
Kamba zetu ni nyaya za chuma zilizovishwa mpira wa bomba la kumwagilia bustani, kisha zikazungushiwa utepe, ndiyo maana anayezikimbilia vibaya hubaki na michirizi ubavuni wiki nzima. Ukiangushwa kwa mgongo, unakibana kidevu kifuani, unatoa pumzi, unatua na sehemu ya juu ya mgongo, na mikono inapiga sakafu pamoja ili kishindo kisikae mahali pamoja. Kisa cha Awesome nilikijua baadaye, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Kona ya Bluu
Majibu ya kamba yananitosha, ingawa hayo ya mgongo hata mtazamaji mzuri angeyajua. Basi kama kisa ni cha kweli, mfano wako ungekuwa mwanamieleka CM Punk. Mwaka 2005 alikuwa tayari amekubaliana na WWE alipotwaa ubingwa wa ROH, kampuni nyingine ndogo ya Marekani, mwezi Juni, akatia sahihi mkataba wake juu ya mkanda huo mbele ya watu ili wamchukie, kisha Agosti akaupoteza kwa James Gibson kabla ya kuondoka. Kuondoka kwake kuliuza tiketi. Lakini promota alijua tangu mwanzo.

Bi Sheria
Iombe kampuni mpya isogeze tarehe ya kuanza kwa siku tano, na uiombe kwa maandishi. Halafu mpigie promota leo. Nani amepangwa kushinda usiku huo?

Chui wa Taita
Mimi.

Mama Saluni
Mpigie, mwanangu.

Chui wa Taita
Yeye mwenyewe ndiye anayenipigia sasa hivi. Nitarudi.

Fundi Kamba
Saa sita zimepita. Mleta mada?