MREJESHO: bro na zile dawa za sonona
Wakuu, niliuliza kuhusu bro wangu wa Ujiji, kaanzishiwa fluoxetini, dawa ya sonona, ya miligramu 20 akawa na kichefuchefu, usingizi hakuna na mawazo yako palepale. Dokta kasema madhara ndo yanatangulia, nafuu huwa inaanza kuonekana wiki ya 2 mpaka ya 4, wengine hata 6, maana dawa inazuia serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hisia) isirudi haraka kwenye seli za ubongo ila ubongo wenyewe nao unataka muda kuzoea, basi akamwambia ameze asubuhi. Saivi dagaa anakula na anagombania kabisa! Hamu ya tendo ndo bado iko chini, shemeji analalamika, wataangalia dozi. Na mliosema akipata nafuu aache ghafla, hapana jamani, inapunguzwa taratibu na dokta akijua.