Kotesheni tatu za chai ya kikao: ushindani au kujaza faili?

Mwana wa Chamwino
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Huduma ndogo za ofisi za serikali hapa Dodoma (chai ya kikao, usafi, bustani, kufua mapazia) zishindaniwe na nchi nzima ndani ya NeST (mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni), au ofisi iwe na orodha ya watu wa karibu iwape kwa zamu? Enzi za karatasi zilitakiwa kotesheni tatu, yaani bei za wauzaji watatu, na wote tunajua zilivyopatikana: profoma (ankara za awali) tatu, mihuri mitatu, na "sambusa" imeandikwa "samubsa" kwenye zote. Mfumo umepunguza hilo. Ila sasa wa Mwanza anashinda chai ya ofisi za Mtumba, Mji wa Serikali, kisha anampigia simu mama wa Ihumwa hapo jirani ampikie kwa nusu bei. Huo ushindani umemsaidia nani?

Kizota Kwetu
Zamu ndiyo mlango wa shemeji. Nani anapanga nani awe wa kwanza? Na akiharibu, anarudi mwisho wa foleni au anafutwa? Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya 2023, haikutungwa ili tupokezane kama ndoo kisimani. Makundi maalumu yana asilimia 30 yao ya manunuzi tayari: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Wasajili kikundi, waingie kwenye mfumo. Shida ni kwamba mama lishe wengi hawajui hata kupiga hesabu ya bei, wanataja tu.

Bi Mkaa wa Majengo
Hawajui hesabu? Shika kalamu, kaka. Watu 40, kila mmoja chai ya maziwa, chapati 1, yai 1, sambusa 2. Kilo ya unga inatoa chapati 10 hadi 12 za wastani, hivyo kilo 4. Kikombe cha mililita 250, nusu maziwa nusu maji, ni lita 5 za maziwa. Unaweka 6 maana kuna wajumbe wa kikombe cha pili. Mayai trei moja na nusu, matano ya kupasuka njiani. Sambusa 80, nyama kilo 2. Bado mkaa, mafuta, gari la kufika Mtumba na vyombo. Hayo yako kichwani kwake. Kinachomshinda ni kulisha watu leo, malipo yasubiri wiki sita. Huo ni mtaji, si ujinga.

Kizota Kwetu
Sikumtukana mtu, dada. Na kwenye hesabu yako umesahau kodi ya zuio, ile ofisi inayokata kwenye malipo yako, 5% ya huduma. Ndiyo maana nikasema.

Zabibu Chachu
Ni 2%. Bidhaa inazouziwa serikali ni 2%. Chapati ni bidhaa.

Kizota Kwetu
Chapati ya dukani ni bidhaa. Chapati iliyoletwa saa 4 asubuhi, ikapangwa mezani, mtu akasimama kumimina chai na baadaye akaosha sahani, ni huduma. 5%.

Zabibu Chachu
Kwa hiyo sahani zikiwa za karatasi tunarudi 2%?

Daftari la Bohari
Mnacheka, lakini ankara ndiyo inayoamua mhasibu atakata nini. Ukiandika mstari mmoja tu, "huduma ya chakula na viburudisho", atakata 5% kwenye chote. Na anakata kwenye thamani kabla ya VAT, wengi wanakosea hapo. Halafu dai cheti cha zuio, maana ile ni kodi ya mapato uliyotanguliza. Bila cheti hutaonyesha chochote wakati wa ritani ya kodi.

Na ugomvi mkubwa wa bei hamjaugusa. Mwenye mauzo chini ya milioni 200 kwa mwaka kwa kawaida hajasajiliwa VAT, hivyo haruhusiwi kuiweka. Anashindana na aliyesajiliwa, mwenye 18% juu. Ukilinganisha jumla kwa jumla bila kusema nani kaweka VAT, umelinganisha embe na kisu.

Mwana wa Chamwino
Asante, lakini mada ni zamu au ushindani.

Deki Kavu
Mada ijibiwe kwa usafi basi, chai ni rahisi. Wafanyakazi 6, tuseme 200,000 kila mmoja (mfano tu) ni 1,200,000. NSSF ya mwajiri 10%, 120,000. WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%, 6,000. Tayari 1,326,000 na hujanunua hata fagio. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) haipo kwa kuwa hawafiki 10. Sasa mshindi kaweka 1,350,000. Zimebaki 24,000 za sabuni, dawa ya choo, matambara na mifuko ya taka, mwezi mzima, jengo la ghorofa tatu! Atapunguza wapi? NSSF haitapelekwa, au wafanyakazi watakuwa 4 na majina 6. Anayetathmini angeomba mchanganuo wa bei kabla ya kutoa zabuni, angeliona hilo kwa dakika tano. Hapo zamu haiponyi kitu na ushindani hauponyi kitu.

Kizota Kwetu
Mchanganuo nao unapikwa.

Deki Kavu
Upikwe. Risiti za NSSF za mwezi uliopita hazipikwi kirahisi. Hizo ndizo ziwe kiambatisho cha ankara.

Daftari la Bohari
Dawa ya vikao ni mkataba maalumu wa mwaka: bei ya kichwa kimoja inashindaniwa mara moja, kisha ofisi inaita kwa oda. Inazuia pia ule mchezo wa kuvunja zabuni, ukumbi leo, chai kesho, maji keshokutwa, kila kimoja kibaki chini ya kikomo cha thamani. Ila maelezo yataje idadi. Ukiandika "vitafunio" tu, wa bei ya chini ataleta andazi moja na hutakuwa na la kusema.

Bi Mkaa wa Majengo
Bei ya mwaka mzima? Nyama ikipanda, sambusa zinageuka za viazi. Na Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa mjini, kila kitu kinapanda hapa.

Daftari la Bohari
Weka kifungu cha kurekebisha bei. Na uandike "sambusa ya nyama".

Zabibu Chachu
Na yai la kuchemsha, mkuu? Halihudumiwi, mtu analimenya mwenyewe. 2%.