Tupeane uzoefu: Kitimoto choma ya viungo na sosi ya kupika mwenyewe

Mwanzisha mada (Mbeya mjini)
Wakuu, salama? Mada ni kitimoto (nyama ya nguruwe) ya kuchoma kwa viungo vikavu, siyo rosti wala ile ya kukaanga na ndizi. Kwa kilo 2 za bega, pima kwa kijiko cha chai: chumvi 4, paprika 4, pilipili manga 2, binzari nyembamba 2, unga wa kitunguu swaumu 2, tangawizi 1, sukari ya kahawia 2. Futa nyama ikauke kwanza, la sivyo viungo vinageuka uji na kudondokea kwenye mkaa. Paka, funika, ilaze frijini usiku kucha. Baridi ya Juni isikudanganye ukaiacha mezani. Mwenye haraka aipe angalau saa mbili.

Mdau wa Mafinga
Niongezee upande wa moto. Mabaki ya mbao za msindano (paini) huku Mufindi ni bei chee, ila usichomee nyama. Utomvu wake unatoa moshi mweusi, nyama inashika masizi na uchungu. Tafuta mkaa wa miwati au wa miombo, usubiri uote majivu meupe juu, kisha usukume wote upande mmoja wa jiko. Nyama ianzie upande usio na mkaa, imefunikwa kwa sufuria kubwa iliyogeuzwa. Vipande vya unene wa sentimita 4 vipe kama dakika 40, ukigeuza kila baada ya dakika 10, ndipo uvihamishie juu ya mkaa vipate rangi. Mafuta yakidondoka moto ukalipuka, usimwage maji! Majivu yanaruka na kuganda kwenye nyama. Sogeza nyama pembeni tu.

Mama Sosi (Uyole)
Sosi sasa. Nyanya 8 zilizoiva, zile za Ilula zenye nyama nyingi ndizo zenyewe. Zitumbukize kwenye maji ya moto, menya, saga. Kaanga kitunguu 1 na punje 4 za swaumu, mimina nyanya, siki vijiko 5 vya chakula, asali 3, chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili kichaa 2 zilizopondwa. Moto mdogo, bila kufunika, mpaka ukiburuta mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kidogo kabla sosi haijarudi. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, itachuruzika yote kwenye mkaa. Paka dakika 8 za mwisho tu, maana asali inaungua upesi ikawa chungu. Na ya mezani itenge kabisa, brashi iliyogusa nyama mbichi isiingie humo.

Mdau wa Tukuyu
Vipi kuhusu kuchemsha kwanza? Na limao?

Mwanzisha mada
Bega halihitaji. Mbavu ngumu sawa, ila chemsha kabla ya kupaka viungo, vinginevyo vyote vinabaki kwenye supu. Kumbuka pia Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94, hivyo muda unaosoma kwenye mapishi ya Dar hautoshi. Limao likilala na nyama, juu inakuwa kama unga. Kamulia mezani.

Mdau wa Mafinga
Kingine msikipuuze mnaponunua: mhuri wa mkaguzi wa nyama. Ukikuta vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele ndani ya nyama, hayo ni mabuu ya tegu. Hiyo haichomwi, irudishe na mkaguzi aambiwe. Hata nyama safi iive mpaka nyuzi 71 katikati. Asiye na kipimajoto apasue kipande kinene kuliko vyote, maji yake yawe angavu.

Mdau wa Tukuyu
Paprika dukani hakuna.

Mama Sosi
Acha tu, rangi itatoka kwenye sosi. Usijazie manjano, inaficha rangi ya nyama na hutajua kama imeiva.